Piano kuukuu isiyoshika tena sauti: inafaa kugeuzwa meza ya kuandikia na rafu ya vitabu?

Mwalimu wa Isamilo

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba ushauri wenu kuhusu piano ya kusimama niliyoachiwa na familia moja iliyokuwa jirani yetu hapa Isamilo, Mwanza, ilipohamia mkoa mwingine. Ni piano ya zamani, ya mbao za rangi ya kahawia iliyoiva, na mbele yake ina vishikio viwili vya shaba vya kuwekea mishumaa. Niliipokea kwa furaha, nikitumaini kwamba ingepatikana njia ya kuirudishia sauti ili wanafunzi wangu wa kwaya waitumie.

Mtaalamu wa vinanda aliyekuja kuitazama alikaza nyuzi za katikati mbele ya macho yangu, na kabla hajafika mwisho wa safu, zile alizoanza nazo zilikuwa zimekwisha kulegea. Alinionyesha kwamba ubao unaoshika pini za kukazia nyuzi umepasuka kwa ndani, na kwamba mchwa wamekula mguu wa kushoto pamoja na sehemu ya sakafu ya kisanduku. Kwa maelezo yake, kubadilisha ubao huo na nyuzi zote kungegharimu mara kadhaa ya thamani ya piano yenyewe, tena vifaa vingelazimika kuagizwa kutoka nje ya nchi.

Kwa hiyo nimefikiria kuigeuza meza ya kuandikia na kusahihishia madaftari, yenye rafu ya vitabu kwa juu, kwa sababu kisanduku chake ni kizuri kuliko samani yoyote ambayo mshahara wangu ungeweza kuninunulia. Ninaomba kufahamishwa namna ya kuifungua bila mtu kuumia, na kama mbao zake zinastahili kazi hiyo. Ninaomba pia mnieleze nifanye nini na vibonyezo vyeupe, ambavyo mtaalamu yule alisema huenda vimefunikwa kwa pembe ya ndovu. Na zaidi ya hayo, ningependa kusikia kutoka kwa wanamuziki wenyewe kama wanaona ni haki kukifanyia chombo hiki jambo la namna hii.

Mwalimu wa Kwaya, Musoma

Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuchukua msumeno, kwa maana piano katika mikoa yetu ya Ziwa ni chache mno, na nimekwisha kuona nyingine zikivunjwa kwa sababu tu zilikuwa na vumbi na nyuzi chache zilizokatika. Nyuzi zilizokatika hubadilishwa. Sufu ya nyundo zinazopiga nyuzi, ikiliwa na nondo, hubadilishwa pia, na hata ufa katika ubao wa sauti, yaani ule ubao mpana wa nyuma unaokuza mlio wa nyuzi, ufa ambao huwatisha watu wengi, mara nyingi hauizuii piano kupigwa kwa miaka mingi. Mambo yanayoiua kwa kweli ni fremu ya chuma kupasuka, au ubao wa pini kuharibika kiasi kwamba pini hazishiki tena, au wadudu kuzibungua mbao zinazobeba uzito. Wewe umeeleza mawili kati ya hayo matatu, nami sioni sababu ya kubishana na mtu aliyeikagua kwa mikono yake.

Hata hivyo, tafuta namba iliyochapwa kwenye fremu ya chuma au kwenye mbao zilizo karibu nayo, uiandike pamoja na jina la kiwanda, kwa kuwa kwa viwanda vingi namba hiyo hutosha kujulisha mwaka piano ilipotengenezwa. Hesabu pia vibonyezo. Piano za leo zina 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini nyingi za zamani zilikuwa na 85, na hilo nalo litakusaidia kukadiria umri wake. Piga picha za kila upande kabla ya kufungua hata skrubu moja, ili ibaki kumbukumbu ya jinsi ilivyokuwa.

Swali lako la haki nalijibu hivi: ikiwa haiwezi tena kuimba, ni afadhali iwe meza nyumbani kwa mwalimu kuliko kuoza kwenye veranda. Ombi langu ni moja tu. Mtambo wa nyundo, yaani ule mfumo wote wa vipande vya mbao unaounganisha kibonyezo na uzi, usiutupe wala kuugawa kipandekipande. Utoe ukiwa mzima, uufanyie fremu ya mbao ya kusimamia, uwekee vibonyezo kadhaa mbele yake, kisha uupeleke darasani. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyebuni piano karibu na mwaka 1700, alitatua tatizo moja gumu sana: nyundo ipige uzi, kisha iachane nao papo hapo hata kama kidole bado kimekandamiza kibonyezo, la sivyo ingeizima sauti ileile iliyoitoa. Nimelieleza jambo hilo ubaoni kwa miaka mingi, na sijaona wanafunzi wakilielewa kama wanavyolielewa pale wanapobonyeza wenyewe na kuiona nyundo ikiruka, ikigusa, ikirudi nyuma.

Seremala wa Nyakato

Mwalimu, hongera kwa kupata mzigo huo, na pole kwa kazi iliyo mbele yako. Karakana yetu hapa Nyakato imewahi kufungua piano za aina hiyo, na jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya lingine lolote ni kwamba usimruhusu mtu yeyote akate uzi kwa koleo ukiwa bado umekazwa. Piano ya vibonyezo 88 ina nyuzi zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja hufikia kati ya tani 15 na 20, ambao hubebwa na fremu ya chuma cha kusubu iliyo nyuma ya mtambo wa nyundo. Hata piano ambayo sauti zake zimeporomoka bado ina sehemu kubwa ya mvuto huo, na uzi wa chuma unaokatika ghafla hurudi kama mjeledi, tena hutafuta uso na mikono ya aliyeinama mbele yake.

Anza na vifuniko, ambavyo havihitaji nguvu. Ukifungua mfuniko wa juu na kuchungulia ndani utaona vikomeo viwili, kulia na kushoto, vinavyoshika ubao mkubwa wa mbele. Ubao wa chini, ule ulio karibu na magoti ya mpigaji, kwa kawaida hushikwa na springi moja ya bapa ambayo husukumwa juu kwa kidole. Baada ya hapo kifuniko cha vibonyezo hutoka kwa skrubu chache. Mtambo wa nyundo umeshikwa kwa juu na nati tatu au nne za kuzungusha kwa mkono. Zikishatoka, watu wawili wauvute mbele kidogo, kisha wauinue wima bila kuuegemeza upande wowote, kwa kuwa vipande vyake ni vyembamba na huvunjika upesi. Vibonyezo hutolewa kimoja kimoja kwa kuvivuta juu kutoka kwenye vipini vyake, na kila kimoja kina namba iliyochapwa kwenye mti wake, kuanzia 1 upande wa kushoto, kwa hiyo usiogope kuvichanganya. Ukikuta katika mti wa kibonyezo vipande vya mviringo vya madini ya kijivu, hiyo ni risasi iliyowekwa ili kusawazisha uzito. Usiipige msasa, osha mikono baada ya kuishika, na watoto wasiichezee.

Sasa nyuzi. Kichwa cha pini ni cha mraba na hupungua kidogo kuelekea juu, na kuna ufunguo maalumu wa kukizungusha. Ukiukosa, chukua pini moja iliyolegea kabisa uipeleke kwa fundi wa vyuma, naye atakuchongea soketi inayoikaa sawasawa na kuichomelea mpini. Usilegeze upande mmoja wote kisha ukahamia mwingine, kwa maana fremu ya chuma cha kusubu haipindi, hupasuka. Pita safu nzima, kutoka nyuzi nyembamba hadi zile nene za besi, ukizungusha kila pini kiasi cha nusu mzunguko. Rudi tena tangu mwanzo, na uendelee hivyo mpaka nyuzi zote zining'inie. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi na shati la mikono mirefu muda wote, na msaidizi wako asimame pembeni, asikae mbele. Nyuzi zikishalegea ndipo utakapozitoa pamoja na pini zake, na zile za besi uziweke kando kwa sababu zimezungushiwa waya wa shaba nyekundu, ambao una bei.

Hatua inayowaumiza watu wengi ni fremu yenyewe. Piano ya kusimama huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300, pengine na zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma, kwa hiyo ukiisukuma kutoka mbele huanguka kinyumenyume upesi kuliko unavyodhani. Ilazwe chali juu ya magodoro makuukuu na watu wasiopungua wanne, kisha skrubu zote kubwa za pembeni mwa fremu zifunguliwe, ndipo chuma kinyanyuliwe moja kwa moja kwenda juu. Kila anayeshika avae viatu vilivyofunika vidole. Ndala zinazovaliwa karakanani kila siku hazifai siku hiyo.

Kuhusu mbao, jibu langu ni ndiyo, zinastahili, ila ujue unachopata. Nje utaona mkangazi au mti mwingine wa thamani, lakini mara nyingi huo ni utando mwembamba uliogandishwa juu ya mbao za kawaida. Palipoliwa na mchwa pakatwe mpaka ufikie mti mzima, usihurumie hata kipande, kisha pajazwe mninga mkavu, na sehemu yote ya chini ipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa.

Mhifadhi wa Ziwa

Mwalimu, naomba nijibu suala la vibonyezo, kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea usumbufu hata kama nia yako ni njema.

Kwanza hakikisha. Kibonyezo kilichofunikwa kwa pembe ya ndovu kwa kawaida kina vipande viwili, kimoja kipana cha mbele na kingine chembamba kinachopita kati ya vyeusi, na mahali vinapokutana pana mstari mwembamba sana unaoonekana ukikielekeza kwenye mwanga. Ukikitazama kwa karibu utaona pia michirizi myembamba isiyonyooka sana, inayotofautiana kutoka kibonyezo hadi kibonyezo. Mfupa huonyesha vidoa vidogo vya giza. Seluloidi, yaani plastiki ya zamani iliyotumiwa kuiga pembe, ama haina michirizi, ama ina michirizi iliyonyooka na kulingana mno, na ukiisugua kwa kitambaa mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Watu wengine hushauri kuchoma kwa sindano ya moto. Usifanye hivyo, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi sana.

Ikithibitika kuwa ni pembe, umri wake hauifanyi iwe huru. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaihesabu pembe ya ndovu kuwa nyara, iwe ghafi au iliyochongwa, na kuimiliki bila kibali ni kosa. Kimataifa, uamuzi wa kupiga marufuku biashara yake ulifikiwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupigania, katika kipindi kilekile ambacho Serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Kwa hiyo usivibandue, usiviuze wala kumpa mtu zawadi, usiweke picha zake mahali pa kutafutia wanunuzi, na usithubutu kuvivusha mpaka kwenda Kenya au Uganda hata kama ni mikufu miwili mitatu tu ya mapambo. Nenda katika ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe ukiwa na picha na maelezo ya namna ulivyoipata piano hiyo, ueleze kwamba unavyo na unataka kufuata utaratibu. Barua kutoka kwa familia iliyokuachia itakusaidia sana, kwa hiyo iombe sasa wakati bado mnawasiliana.

Nina sababu nyingine ya kukuomba uvitunze kwa heshima. Katika karne ya 19, pembe zilizotoka bara zilipita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja zikiwa zimebebwa mabegani na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kutoka Unguja nyingi zilisafirishwa hadi jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizikata kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake na kwa kuwa hazikuwa nyepesi kupasuka. Haiwezekani kusema kwamba vibonyezo vyako vilitoka kwa ndovu wa nchi hii. Lakini pembe iliyobebwa begani kutoka bara, ikavuka bahari, ikarudi Mwanza ikiwa ndani ya piano, si jambo lisilowezekana hata kidogo, na mimi nisingekubali kuviona vikigeuzwa vishikio vya droo.

Kijana wa Kisesa

Ningependa kuongeza neno moja kuhusu swali la haki. Hapa kwetu Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, zimehifadhiwa ngoma za watemi wa tawala mbalimbali za Usukumani, na hakuna mzee ambaye angevumilia kusikia kwamba mojawapo imegeuzwa meza ya kuwekea vikombe vya chai, hata kama ngozi yake imepasuka na haitoi mlio. Ngoma ya namna hiyo ni ya watu wengi, waliopo na waliotangulia, na ngozi ikipasuka huwambwa nyingine. Piano ya nyumbani haina deni la namna hiyo kwa ukoo wowote. Kwa hiyo Mwalimu aendelee bila hofu, ila nawaomba wasomaji wengine wasiuchukue mjadala huu kama ruhusa ya kuzikata ngoma za babu zao.

Mwalimu wa Isamilo

Nawashukuru nyote kwa dhati. Tumekwisha kuondoa vifuniko, mtambo wa nyundo na vibonyezo kwa kufuata maelekezo ya Fundi, na kila kitu kilikuwa kama alivyoeleza, hata ile springi ya chini. Nyuzi hazijaguswa bado. Tunasubiri soketi ikamilike. Vibonyezo vyeupe vina mstari wa maungio aliousema ndugu Mhifadhi, nami nimekwisha kuiandikia familia ile kuomba barua kabla ya kwenda ofisini.

Ubavuni mwa kibonyezo cha kwanza, mahali ambapo hapaonekani mpaka kikiwa mkononi, tumekuta maandishi ya penseli: herufi mbili za jina na mwaka, kisha chini yake mwaka mwingine kwa herufi zilezile, kisha herufi za mtu tofauti. Mwaka wa mwisho ni 1961. Mwalimu wa Kwaya, je, hayo ni maandishi ya mafundi waliokuwa wakiisawazisha? Na kwako Fundi, ninaomba maelekezo ya meza yenyewe: vipimo, namna ya kutengeneza rafu, na jinsi ya kusafisha rangi ya nje bila kuiharibu.

Mwalimu wa Kwaya, Musoma

Ndiyo, dada yangu. Ilikuwa desturi ya mafundi wa piano kutia saini na tarehe kwenye vibonyezo vya kwanza kila walipomaliza kazi, ili fundi anayefuata ajue ni lini iliguswa mara ya mwisho. Usiyafute wala kuyapaka vanishi. Yapige picha kwenye mwanga wa pembeni, penseli huonekana vizuri zaidi, na kibonyezo hicho kikae pamoja na vingine kwa mpangilio wa namba zake.

Mama wa Kashai, Bukoba

Mwanangu, mimi sina piano, lakini nina meza iliyotokana na kinanda cha kukanyaga, kile cha kupeleka hewa kwa miguu ambacho zamani kilikuwa kikisikika katika makanisa mengi ya huku Kagera. Ilitengenezwa na marehemu mume wangu, nami huandikia juu yake hadi leo, kwa hiyo naweza kukueleza yale ambayo hujulikana tu baada ya kuishi na kitu.

Kinanda cha kukanyaga ni chepesi kukifungua kuliko piano kwa sababu hakina nyuzi wala chuma kikubwa. Sauti yake hutolewa na ndimi ndogo za shaba ya njano zinazotetemeshwa na hewa, na chini yake kuna mivukuto ya mbao na kitambaa. Vile vya Marekani, kama vya kampuni ya Estey ya Brattleboro, Vermont, ambayo ilitengeneza vinanda zaidi ya laki tano, hufyonza hewa badala ya kuisukuma. Mivukuto ikishatoka hubaki nafasi nzuri ya magoti. Ndimi hatukuzitupa; kila moja imefungwa katika karatasi yenye jina la noti yake, na baadhi zimekwisha kwenda kukiponya kinanda cha parokia nyingine. Vile vifundo vya kuvuta ili kubadilisha sauti, vyenye nyuso za kauri nyeupe na maandishi meusi, ndivyo vilivyokuwa vishikio vya droo zangu, na hakuna mgeni anayeketi pale asivute kimoja.

Jambo nililojifunza ni kuhusu unyevu. Gundi iliyotumika katika samani na vinanda vya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi za wanyama, nayo hulainika ikipata joto na maji. Hapa Bukoba mvua haitupi nafasi, na utando wa mbao wa upande uliokuwa karibu na dirisha ulianza kuvimba na kuinuka. Mume wangu hakuung'oa. Aliweka kitambaa chenye maji juu yake, akapitisha pasi ya moto taratibu mpaka gundi ikalainika, akaubana kwa vibao na vibanio usiku kucha, na mpaka sasa umeshika. Nanyi Mwanza mko kandokando ya ziwa lilelile, kwa hiyo meza yako usiiweke mbele ya dirisha linaloelekea upepo wa ziwa, na miguu yake isigusane moja kwa moja na sakafu ya saruji.

Seremala wa Nyakato

Shikamoo Mama, na asante kwa somo la pasi, ndilo hasa ambalo ningeeleza. Mwalimu, habari njema ni kwamba piano karibu ni meza tayari. Uso wa vibonyezo huwa kwenye kimo cha kama sentimita 73 kutoka sakafuni, ambacho ndicho kimo cha meza ya kuandikia, na upana wa vibonyezo 88 ni kama sentimita 122, kwa hiyo hulazimiki kuongeza wala kukata miguu. Hata hivyo pima ya kwako kabla ya kununua mbao.

Vibonyezo vikishatoka utabaki na sakafu nene ya mbao iliyovibeba. Usiiandikie moja kwa moja, kwa kuwa iko chini mno. Pigilia papi nyembamba pembeni na nyuma, kisha laza juu yake ubao wa mninga uliopigwa randa vizuri, ufikie kimo kilekile vilichokuwa nacho vibonyezo. Kati ya ubao huo na sakafu ya zamani patabaki uwazi mfupi ambao unatosha droo pana ya karatasi za mitihani. Huko ndiko ningevilaza vibonyezo vyote, kwa mpangilio wa namba, kama ofisi ya wanyamapori itakuruhusu ubaki navyo. Kifuniko cha zamani kirudishwe kwenye bawaba zake. Ukimaliza kusahihisha unakifunika, na hakuna mgeni atakayeona rundo la madaftari.

Sehemu ya juu, palipokuwa na nyundo, haina kina kikubwa, lakini vitabu vya kiada na madaftari vitakaa vikiwa vimesimama. Weka rafu mbili, ya chini iwe ndefu zaidi kwa kwenda juu. Ubao wa sauti ulio nyuma uache ulivyo, usiupake rangi. Ni mti laini wa nchi za baridi, mistari yake imenyooka na kubanana, na baada ya miaka hii yote umeiva ukawa na rangi ambayo hakuna vanishi ya dukani inayoweza kuiiga. Ukitaka taa, toboa tundu la waya kwenye kona ya chini kulia, pasipoonekana, na vishikio vya mishumaa vibaki kama mapambo, visiwashwe mshumaa karibu na karatasi.

Kwa upande wa rangi, chukua pamba yenye spiriti uguse mahali palipojificha, kwa mfano ndani ya mguu. Rangi ikilainika na kunata, basi ni ya asili, ile ya utomvu wa wadudu, na haihitaji kung'olewa: inasafishwa kwa kitambaa chenye maji kidogo sana na sabuni laini, inakaushwa papo hapo, kisha inapakwa nta. Isipolainika, ni vanishi iliyokuja baadaye. Kwa vyovyote vile usikubali fundi alete mashine ya msasa, kwa maana utando wa juu mara nyingi haufiki hata milimita moja, na mashine ikishautoboa hakuna namna ya kuuziba isionekane.

Jambo la mwisho ni uthabiti wake. Chuma kikishatoka, kisanduku kitakuwa chepesi nyuma, na ukijaza vitabu juu huku mtoto akiegemea ubao wa kuandikia, kinaweza kuja mbele. Funga vyuma viwili vya pembe nyuma, kwenye nguzo nene zilizokuwa zikiibeba fremu, na uvikaze ukutani kwa skrubu ndefu zenye plagi. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mbao na ukuta ili hewa ipite, kisha kila mwanzo wa mvua umulike kwa tochi nyuma yake kutazama kama kuna njia mpya ya mchwa.